Uzi: Kujichekesha asubuhi kunashusha presha kweli, ama tunaaibishana bure?

#1 · Dere_wa_Rongai · Jumanne usiku
Wadau, habari za jioni. Nina miaka 47, mwaka wa kumi na tisa huu niko kwa usukani, Rongai kwenda mjini na kurudi. Mwezi uliopita nilipimwa presha ikasoma 158 kwa 97. Nikapewa vidonge, nikaambiwa nipunguze chumvi na nitembee. Hayo nimekubali.

Sasa mama watoto ametoka na lake. Kuna kikundi chao kinachokutana bustani ya Arboretum Jumapili asubuhi. Wanasimama duara na kucheka. Hakuna mchekeshaji, hakuna kisa. Mmoja anaanza "ha ha ha", wengine wanadakia, dakika ishirini nzima. Anasema inashusha presha na kuamsha ubongo. Jumapili iliyopita nilienda kumchukua, nikasimama mbali nikiwatazama. Mzee mmoja aliyekuwa anapita akaniuliza hilo ni kanisa gani. Nikamwambia hata mimi ni mgeni.

Jumapili hii anataka niingie duara. Kabla sijaaibika, nauliza: kicheko kisicho na cha kuchekea kinafanya kazi mwilini? Ama mwili unajua unadanganywa?

#2 · Makanga_Mstaafu · Jumanne usiku
Dere, nimening'inia mlangoni kwako miaka minne na nimekuona ukicheka mara moja tu, siku ile kanjo, askari wa jiji, aliingia mtaroni akitufukuza pale Muthurwa. Na hata hiyo ulichekea puani. Nenda duara.

#3 · Nesi_wa_Zamu · Jumanne usiku
Pole Dere. La kwanza: vidonge usiache, uende duara usiende. Wodini nimepokea wengi walioacha dawa kwa sababu jirani alipona kwa kitunguu saumu.

Kuhusu mishipa, kuna kazi ya Michael Miller na wenzake, Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, mwaka wa 2005. Walichukua watu 20 wenye afya, wakawaonyesha vipande vya filamu, vingine vya kuchekesha na vingine vya kutia wasiwasi, kisha wakapima mshipa wa mkono. Baada ya kicheko damu ilipita kwa wepesi zaidi kwa asilimia 22. Baada ya wasiwasi ikapungua kwa asilimia 35. Wanasema utando wa ndani wa mshipa ndio hulegea ama kukaza. Sasa angalia vizuri kabla hujashangilia. Ni watu 20, wazima, na walikuwa na kitu cha kuchekea. Hawakuwa madereva wa presha wanaocheka hewa.

#4 · Karani_wa_River_Road · Jumanne usiku
Mimi nilisoma kwamba kucheka dakika kumi ni sawa na kukimbia nusu saa. Dere atapunguza hadi kitambi.

#5 · Nesi_wa_Zamu · Jumanne usiku
Karani, ulisoma wapi? Waliopima hasa, wale wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, walipata kwamba dakika 10 hadi 15 za kucheka kwa siku huchoma kalori 10 hadi 40. Chapati moja ya kibandani inapita 200. Piga hesabu.

#6 · Karani_wa_River_Road · Jumanne usiku
Nimepiga. Nitakula nikicheka, tutakutana katikati.

#7 · Mama_Pacha · Jumatano asubuhi
Nyinyi mnaongea mishipa, mmesahau kina mama. Tangu nizae mapacha, mtu akinichekesha ghafla nabana miguu. Kwa duara la dakika ishirini ningefunga leso mbili. Nilifundishwa mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga na yamenisaidia, si kabisa. Dere, muulize mama watoto kwa upole, wengine hapo wanacheka huku wanaomba Mungu.

Tena mtoto wa dada yangu ana pumu. Binamu zake wakimtekenya anacheka mara mbili, ya tatu ni kikohozi, ya nne tunatafuta pampu. Kwa hivyo dawa dawa msiseme kana kwamba haina madhara.

#8 · Mpwani_SouthB · Jumatano asubuhi
Nyie watu wa bara mwatumia neno moja kwa mambo kumi. Kuangua kicheko ni jambo moja. Kukenua ni jingine, meno yako nje na moyo umo ndani. Na hicho cha duara kina jina tangu enzi za bibi zetu: kujichekesha. Mwenye kujichekesha kwetu haaminiwi, huwa ana lake. Ama ataka kukopa. Sasa mwaniambia mshipa wa damu hauwezi kutofautisha alichotofautisha bibi yangu bila kwenda shule?

#9 · Makanga_Mstaafu · Jumatano asubuhi
Mpwani, wewe ulijichekesha kwangu wiki jana na bado una mia tano yangu.

#10 · Chumba_cha_Mtihani · Jumatano mchana
Mpwani, bibi yako ana mtetezi. Daktari mmoja Mfaransa, Duchenne, alionyesha mwaka wa 1862 kwamba tabasamu la dhati hukaza msuli unaozunguka jicho, na la kubuni kwa kawaida huishia mdomoni. Uso angalau unajua.

Lakini duara nalo lina asili yake. Mwaka wa 1995 daktari wa Mumbai, Madan Kataria, alianza na watu watano kwenye bustani ya umma. Mwanzoni walikuwa wanapeana vichekesho. Baada ya wiki kama mbili vizuri viliisha, vikabaki vya matusi na vya kusimanga wanawake, watu wakaanza kulalamika. Ndipo akasema tuache vichekesho, tucheke tu, kwa hoja kwamba mwili hautofautishi. Kwa hivyo mnayoyaona Arboretum yalizaliwa kwa sababu watu waliishiwa na hadithi safi.

Na kipimo cha kicheko cha kulazimisha kipo, ila si cha presha. Mwaka wa 2024 jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, lilichapisha jaribio la China kuhusu watu wenye macho makavu. Kundi moja lilitumia matone. Jingine lilisimama mbele ya simu likisema "hii hii hii, hah hah hah" dakika tano, mara nne kwa siku, wiki nane. Kucheka hakukuwa nyuma ya matone. Mimi nakaa mbele ya kompyuta mchana kutwa, nilijaribu siku tatu, mwenzangu wa chumba akahama kitanda.

#11 · Karani_wa_River_Road · Jumatano mchana
Mimi ninachoogopa ni kuambukizwa. Si kuna wanafunzi huko Tanzania walicheka mwaka mzima mpaka wengine wakafa?

#12 · Mhaya_Kilimani · Jumatano jioni
Karani ndugu yangu, hapo umekanyaga kwetu. Hakuna aliyekufa, na hakuna aliyecheka mwaka mzima.

Ni Kashasha, shule ya bweni ya wasichana ya misheni, upande wa Bukoba, tarehe 30 Januari 1962. Tanganyika ilikuwa haijafikisha hata miezi miwili tangu ipate uhuru. Walianza wasichana watatu. Hadi shule inafungwa tarehe 18 Machi, walikuwa wameshikwa 95 kati ya 159. Mwalimu hata mmoja hakushikwa. Wasichana waliporudishwa makwao, jambo likasafiri nao hadi Nshamba na vijiji vingine, na shule 14 zikafungwa kwa nyakati tofauti. Kwetu liliitwa endwara y'okusheka, ugonjwa wa kucheka, lakini jina linapotosha. Walikuwa pia wanalia, wanakimbia ovyo, wanaona kama wanafukuzwa. Kicheko kilikuja na kuondoka, kwa mwingine saa chache, kwa mwingine hadi siku 16. Walipimwa damu, wakachunguzwa chakula, haikupatikana sumu wala kijidudu. Waliolichunguza walilieleza kuwa ni msongo wa akili uliotembea kutoka kwa mtoto hadi mtoto.

Watu hulisimulia kama mzaha. Babu yangu alikuwa anaishi jirani na pale na hakuwahi kulisimulia akitabasamu.

#13 · Mama_Pacha · Jumatano jioni
Asante kwa hilo. Mimi pia nilikuwa nimelishika vibaya.

#14 · Fizio_Kayole · Jumatano usiku
Mnazunguka sana. Mimi ni mtaalamu wa viungo na jibu langu ni fupi: ni pumzi. Mtu akicheka anatoa hewa kwa mikupuo hadi mapafu yanabaki na hewa kidogo, kisha anavuta kwa nguvu. Kiwambo, ule msuli ulio chini ya mapafu, misuli ya tumbo, mbavu, vyote vinafanya kazi, halafu vinalegea. Ndiyo maana twasema umenivunja mbavu. Mwenye presha akipumua polepole na kwa kina atapata nafuu hiyo hiyo bila kuaibika mbele ya walinzi. Dere, nikufundishe kupumua ukiwa kwenye foleni ya Lang'ata Road.

#15 · Dere_wa_Rongai · Jumatano usiku
Fizio, kwenye foleni hiyo nikivuta pumzi kwa kina navuta moshi wa lori.

#16 · Kijana_wa_Umoja · Jumatano usiku
Kama ni kucheka, mimi hucheka na simu hadi saa nane usiku, video moja baada ya nyingine. Mbona asubuhi naamka kama nimepigwa?

#17 · Chumba_cha_Mtihani · Jumatano usiku
Kwanza umelala kwa muda wa saa tatu tu, hilo halihitaji utafiti. Pili, jichunguze kama hucheka kweli ama unapuliza hewa puani kama Dere. Robert Provine, Mmarekani aliyetumia miaka akisikiliza watu wakicheka madukani na barabarani, alikuta mtu hucheka mara 30 zaidi akiwa na wenzake kuliko akiwa peke yake. Alirekodi vicheko 1,200, na asilimia 10 hadi 20 tu ndivyo vilivyofuata kitu kinachofanana na kichekesho. Vingine vilifuata maneno kama "haya, tutaonana".

Kwa hivyo Fizio, kama ni pumzi tu, mbona wenzetu ndio wanaitoa? Robin Dunbar wa Oxford alichapisha mwaka wa 2011 majaribio ya maumivu. Watu walivishwa mkanda wa presha uliokazwa sana ama kitu cha baridi kali mkononi, kabla na baada ya kutazama video. Waliocheka walivumilia zaidi. Waliotazama kitu kizuri kisichochekesha hawakubadilika. Alikisia ni endofini, ile dawa ya maumivu ambayo ubongo hujipikia. Mwaka wa 2017 watu wa Turku, Finland, waliingiza wanaume 12 kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo baada ya kucheka nusu saa na marafiki zao, wakaona kemikali za jamii hiyo zikimwagika kweli.

#18 · Fizio_Kayole · Jumatano usiku
Wanaume 12. Hao hawajai hata matatu ya Dere. Na hata Dunbar mwenyewe anasema ni kazi ya misuli ya kupumua ndiyo inayoamsha hiyo endofini. Umenisaidia bila kujua.

#19 · Mzee_wa_Buruburu · Alhamisi asubuhi
Vijana, salamu. Hilo la wenzako naliunga mkono bila mashine. Kwenye ploti yetu televisheni ilikuwa moja, ya jirani aliyefanya kazi reli. Mzee Ojwang', yule mchekeshaji, akiingia KBC tulikuwa tunajaa sebuleni watu ishirini, watoto chini kwa zulia, na nusu ya maneno hatukusikia kwa sababu ya kelele. Tulichekea kicheko cha jirani. Ojwang' alipofariki mwaka wa 2015 nilitazama vipande vyake peke yangu kwa simu ya mjukuu. Nilitabasamu, basi. Maneno yalikuwa yale yale, na safari hii niliyasikia yote.

#20 · BintiKayole · Alhamisi usiku
Nimesoma uzi wote nikisita kuandika. Baba yangu alipata kiharusi mwaka wa 2019. Mkono wa kulia ulirudi kidogo, maneno yalirudi kidogo, lakini alikuja na kicheko ambacho hakuwa nacho. Kinaanza popote. Ukimwuliza ameshiba, anacheka. Akiona habari za ajali, anacheka.

Mwaka uliofuata tulizika mdogo wake kule Machakos. Jeneza linashushwa, kimya, kisha baba akaanza. Si kidogo, kicheko cha tumbo, kinapanda. Watu wakageuka. Shangazi akasema kwa sauti kwamba sasa tumejua nani anafurahia shamba. Nilikuwa nimeshika kiti chake cha magurudumu, na niliyaona macho yake. Yalikuwa yananiomba nimtoe pale. Nilimsukuma hadi nyuma ya choo cha boma, tukakaa huko yeye akicheka na machozi yakimtoka, hadi nyimbo zikaisha.

Shangazi hajawahi kutuomba msamaha. Kwa hivyo nikisikia "kicheko ni dawa" huwa nanyamaza tu.

#21 · Nesi_wa_Zamu · Alhamisi usiku
Binti, pole sana. Baba yako hana mapepo wala tamaa ya shamba. Hali hiyo inajulikana na hutokea kwa baadhi ya watu baada ya kiharusi. Kwa lugha nyepesi, mtambo wenyewe wa kucheka na kulia uko chini, kwenye shina la ubongo, na sehemu ya mbele ndiyo inayoushikia breki. Kiharusi kikikata waya wa breki, kicheko hutoka bila furaha na kilio bila huzuni. Mara nyingi mgonjwa anajua kabisa kwamba hakifai. Na kuna dawa zinazopunguza. Mweleze daktari wa mishipa ya fahamu hivyo hivyo ulivyotueleza, usimwambie tu "baba anacheka sana", atadhani mambo ni mazuri.

#22 · BintiKayole · Alhamisi usiku
Ndivyo tulivyokuwa tunamwambia kliniki. Na walikuwa wanafurahi. Asante dada.

#23 · Chumba_cha_Mtihani · Alhamisi usiku
Pole Binti. Hilo la Nesi linanikumbusha kisa cha Los Angeles kilichochapishwa mwaka wa 1998. Msichana wa miaka 16 mwenye kifafa, madaktari walikuwa wakigusa ubongo wake kwa umeme mdogo kabla ya upasuaji. Walipogusa kipande fulani upande wa kushoto mbele, akatabasamu. Wakaongeza umeme, akacheka kweli kweli, na akasema anajisikia furaha. Wakamwuliza unacheka nini? Kila mara alipata sababu. Mara picha ya farasi, mara hao madaktari waliosimama kando yake.

Kwa hivyo Mpwani, kicheko kilitangulia, sababu na furaha vikafuata mbio. Pengine ndivyo duara linavyofanya.

#24 · Mpwani_SouthB · Alhamisi usiku
Kwa huyo walimtia umeme. Dere atatiwa nini, chai ya tangawizi?

#25 · Mbishi_wa_Jeevanjee · Ijumaa mchana
Nimechelewa lakini nimekuja kuharibu. Nyote mnadhani kicheko kinaleta afya. Geuzeni. Mwenye afya ndiye anayecheka. Mtu mwenye jino linauma, kodi haijalipwa na mtoto amerudishwa kwa sababu ya karo, hacheki. Ukimpima utakuta presha iko juu na hacheki, utasema hacheki ndiyo maana presha iko juu. Mwacheni alipe kodi kwanza.

#26 · Karani_wa_River_Road · Ijumaa mchana
Na yule Mmarekani, Norman Cousins? Mwaka wa 1964 alipata ugonjwa wa kukakamaa viungo vya uti wa mgongo, akatoka hospitali, akajifungia hotelini na filamu za kuchekesha. Dakika kumi za kucheka zikampa saa mbili za usingizi bila maumivu. Akapona. Hii nimehakikisha kabla ya kuandika, Nesi usinifuate.

#27 · Mbishi_wa_Jeevanjee · Ijumaa mchana
Umehakikisha nusu. Alikuwa pia akitundikiwa vitamini C kwa wingi, na baadaye kuna madaktari waliotilia shaka kama ugonjwa ulikuwa ule ulioandikwa mwanzoni. Kisa cha mtu mmoja, dawa mbili, ugonjwa wenye mashaka. Alikuwa mhariri wa jarida. Wahariri wanajua kusimulia.

#28 · Mama_Pacha · Ijumaa usiku
Mbishi, wewe ni kodi ama jino?

#29 · Mbishi_wa_Jeevanjee · Ijumaa usiku
Vyote, mama. Na landilodi ni jirani.

#30 · Mzee_wa_Buruburu · Ijumaa usiku
Mbishi, nitakupinga kidogo kwa heshima. Wazee wetu hawakungoja kodi ilipwe. Shosho yangu kule Murang'a alikuwa akiniita mume wake mbele ya watu, ananiuliza mbona sijaleta kuni, nina miaka sita. Ilikuwa njaa, na alikuwa ananichekesha hivyo hivyo. Sasa nina mjukuu wa kike, nikimwita mke wangu anamwangalia mama yake kama anauliza polisi wako wapi.

#31 · Mhaya_Kilimani · Ijumaa usiku
Mzee, kwetu Tanzania mtani, mtu wa kabila ama ukoo mnaoruhusiwa kutaniana nao, anakuja msibani na kulala palipo na kaburi akidai nafasi ni yake, alipwe kwanza. Wafiwa wanacheka na kulia kwa pamoja. Kama ni mishipa ama ni pumzi, sijui waliweka wapi.

#32 · Dere_wa_Rongai · Jumapili jioni
Nimerudi, na nimeenda.

Asubuhi nyumbani mashine ya mama watoto ilisoma 151 kwa 94. Tulifika Arboretum, tuko watu tisa, mimi mwanamume peke yangu. Dakika tano za kwanza nilifungua mdomo tu kama samaki wa Gikomba. Kiongozi akasema tutazamane machoni. Hapo ndipo aibu ilizidi, nikatazama kando, na nikamwona Makanga_Mstaafu amejificha nyuma ya mti, simu juu, anarekodi. Mkono wa pili ameshika mfuko wa mandazi ambayo mama watoto alikuwa ameacha kwenye benchi. Sikusema kitu. Tumbili akashuka nyuma yake polepole, akachukua mfuko kama anayepokea risiti, akapanda.

Wadau, nilikaa chini. Nililia. Duara lote likaanguka na wengi hawakuona hata tumbili, walikuwa wananicheka mimi. Mama watoto anasema hajanisikia hivyo tangu tuoane. Mbavu zinauma hadi sasa.

Tuliporudi nyumbani nikapima: 142 kwa 90.

#33 · Nesi_wa_Zamu · Jumapili jioni
Hongera. Lakini kipimo cha kwanza cha siku mara nyingi hupanda, na una wiki kadhaa kwenye vidonge. Ulikaa kimya dakika tano kabla ya hicho cha pili?

#34 · Dere_wa_Rongai · Jumapili jioni
Nilikaa. Nilikuwa siwezi kusimama.

#35 · Fizio_Kayole · Jumapili jioni
Pumzi. Nilisema.

#36 · Chumba_cha_Mtihani · Jumapili jioni
Watu tisa. Nilisema.

#37 · Mpwani_SouthB · Jumapili usiku
Kwa hivyo hakujichekesha, alichekeshwa. Duara halikushusha kitu, ni tumbili. Bibi yangu apewe haki yake.

#38 · Mbishi_wa_Jeevanjee · Jumapili usiku
Ametembea Arboretum nzima, hajaendesha matatu siku moja, na ni Jumapili. Pima kesho saa moja asubuhi ukiwa kwa foleni uturudie.

#39 · Makanga_Mstaafu · Jumapili usiku
Mandazi yalikuwa manne na mawili nilikuwa nimeahidiwa na mama watoto mwenyewe, mwulizeni. Nadai. Na video ninayo, lakini inamwonyesha Dere tu, tumbili hayuko.